Paipu zimeoza na vifaa sina: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III, ile ndefu, niliyoinunua kwa bei ya skrepa ili niifufue taratibu mwisho wa wiki, hapa nyumbani Nyegezi, Mwanza. Nilipofungua nati ya paipu ya breki kwenye eksili ya nyuma, paipu ilizunguka pamoja na nati mpaka ikakatika. Paipu ya petroli nayo ina kitobo. Ile ya maji ya hita niliikata sehemu iliyooza, na sasa mpira unachomoka kila injini ikipata moto. Sina kifaa cha kuchanulia mdomo wa paipu, sina cha kukunjia, hata cha kukatia sina. Jirani yangu fundi friji amenipa mita mbili za paipu ya shaba. Fundi mwingine ananiambia ile ya breki niikunje niigonge nyundo, magurudumu matatu yanatosha. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba. Pole kwa paipu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kushika nyundo.

Umeuliza swali moja, ila ndani yake yapo matatu na majibu yake hayafanani. Paipu zote zinapita chini ya gari lile lile, lakini kilichomo ndani yake ndicho kinachosema unaruhusiwa kubuni mpaka wapi. Maji ya rejeta yako hayafiki presha ya bar 1. Yakivuja utaona mvuke, utasimama, utangoja ipoe, utaongeza mengine. Petroli ya kabureta inasukumwa na pampu ya mtambo kwa presha ndogo kuliko hiyo, ila inawaka. Breki ukiikanyaga kwa hofu, mbuzi amekatiza mbele yako, presha ndani ya ile paipu nyembamba inaweza kupita bar 100. Tairi lako unalijaza bar 2 na kidogo. Linganisha.

Ndiyo maana mimi huwaambia vijana wangu gereji: kifaa kibuni utakavyo, kiungo usikibuni. Ukitumia jiliwa na bolti badala ya mashine ya dukani, na mdomo wa paipu ukatoka sawasawa na wa kiwandani, hakuna atakayekuuliza ulitumia nini. Ukibuni kiungo chenyewe, yaani namna paipu inavyoshikana na mwenzake, hapo unabahatisha, na kwenye breki abiria wako hawajui kwamba unabahatisha.

Nianze na maji kwa sababu ndiyo rahisi. Mpira unachomoka kwa kuwa wewe uliikata nundu ya paipu. Itazame paipu yoyote ya maji iliyotoka kiwandani: karibu na mwisho wake kuna mwinuko unaozunguka kama pete, na klipu hukaa nyuma ya mwinuko huo. Mpira hauzuiwi na klipu peke yake, unazuiwa na nundu. Wewe sasa una paipu nyoofu, laini, yenye maji ya moto. Hata ukikaza klipu mpaka ikate mpira, itateleza tu. Kazi yako ni kuirudisha nundu.

Chukua waya wa shaba wa nyumba, ule wa namba 2.5. Uvue plastiki, utapata waya wenye kipenyo cha karibu milimita 1.8, na hicho ndicho kimo unachokitaka. Sugua mwisho wa paipu kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha uzungushe waya mara moja, sentimita moja hivi kutoka mwisho, ncha mbili zikutane bila kupandana. Paka dawa ya kulehemia, pasha paipu yenyewe (usipashe risasi ya kulehemia), halafu gusisha risasi kwenye kiungo. Paipu ikiwa na moto wa kutosha risasi itakimbia yenyewe kuzunguka pete yote kama maji kwenye ufa. Ikikaa matonematone, ama paipu ni chafu ama haijapata moto. Risasi ya kawaida ya kulehemia huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, maji yako hayafiki hata 120, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Ukimaliza osha kwa maji mengi, kwani dawa nyingi za kulehemia zina asidi na zitaendelea kula chuma usiku kucha. Lainisha kingo za pete kwa tupa ili zisichane mpira.

Huna chombo cha kulehemia? Jirani yako anacho cha gesi, na vijiti vyake vya fedha vitashika kuliko risasi yangu. Au nenda kwa mafundi bati. Mji huu una sehemu inayoitwa Makoroboi, na koroboi ni nini kama si bati lililolehemiwa na mtu anayejua risasi inataka nini? Jambo moja tu: kama paipu yako ni ya aluminiamu, rudi nayo nyumbani. Risasi ya kawaida haitaishika na utapoteza mchana mzima.

Sasa petroli.

Kuna siku, enzi za kivuko, miaka mingi kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, tulikuwa foleni upande wa Busisi na pikapu ya rafiki yangu ikaanza kunuka petroli. Kitobo kidogo kama tundu la sindano, paipu ilipokuwa ikisuguana na shasi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga akatupa kipande cha sabuni ya mche. Tulikifikicha na maji kidogo, tukakandika pale, tukafunga kwa kitambaa na mpira wa baiskeli, tukavuka, tukafika mjini. Petroli haiyeyushi sabuni kirahisi, ndiyo siri yake. Lakini hiyo ni dawa ya kufikia nyumbani. Mwenye pikapu aliiacha vile miezi miwili, mvua zikaja, maji yakaondoa sabuni, na kilichomwokoa ni kwamba alisikia harufu kabla hajawasha sigara.

Yako usiizibe, ibadilishe. Paipu ya chuma iliyotoboka mahali pamoja huwa imekonda sehemu nyingine pia, hasa chini ya vile vishikizo vinavyoifunga kwenye shasi, maana tope hukaa humo na unyevu hautoki. Watu hudhani huku kwetu kutu ni kidogo kuliko Dar es Salaam kwa kuwa ziwa ni la maji baridi, halina chumvi. Ni kweli kiasi. Ila tope la mwambao likishaganda nyuma ya kishikizo halijali chumvi. Na kama ni wewe unayeishusha gari ufukweni kuiosha, acha. Kwa ajili ya ziwa kwanza, kwa ajili ya shasi baadaye.

Hapa ndipo paipu ya shaba ya jirani inapofaa. Kwa kabureta yenye pampu ya mtambo, shaba hubeba petroli vizuri, na magari mengi ya zamani yalitoka kiwandani nayo. Ubaya wake ni mmoja: shaba ikitikiswa muda mrefu huwa ngumu, na ikishakuwa ngumu hupasuka. Kwa hiyo ifunge kila sentimita 30 hivi, weka kipande cha mpira kati ya kishikizo na paipu, na usiifikishe kwenye injini moja kwa moja. Injini inacheza kwenye raba zake, shasi haichezi. Katikati yao weka mpira wa petroli, ule ulioandikwa ubavuni kwamba ni wa mafuta. Mpira wa rejeta utavimba na kulainika. Ule wa plastiki angavu wanaoupenda vijana kwa sababu unaonyesha petroli ikipita, ukikaa karibu na injini unakuwa mgumu kama ukucha, kisha unapasuka.

Kukata bila kikatio: zungushia paipu kipande cha karatasi chenye ukingo ulionyooka mpaka ukingo ukutane na wenyewe. Hapo una mstari ulio sawa pande zote. Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, mdomo wa paipu ukiangalia chini ili unga wa chuma uanguke nje. Nyoosha kwa tupa, ondoa makali ya ndani kwa kuzungusha ncha ya keekee kwa vidole, kisha puliza kwa upepo wa pampu. Chembe moja ya shaba ikiingia kwenye kabureta itakusumbua kuliko kitobo chenyewe.

Kukunja nako hakuhitaji mashine. Shaba iliyokuwa ngumu ilainishe kwanza: ipashe gizani au kivulini mpaka ionyeshe wekundu hafifu, kisha itumbukize majini. Fundi wa vyuma atakushangaa, maana chuma cha patasi ukikipasha na kukipoza ghafla kinakuwa kigumu. Shaba haifuati sheria hiyo, hulainika hata ukiipoza ghafla. Halafu ijaze mchanga mkavu. Nasema mkavu. Mchanga wa ziwani ukaange kwenye karai mpaka utoe vumbi ukiukoroga, kwa sababu ukija kuipasha tena paipu iliyozibwa yenye unyevu ndani, mvuke utarusha kizibo kama risasi ya bunduki. Gongagonga ubavuni ili mchanga ushuke ushikane, ziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, kisha zungushia kitu cha duara, puli ya alteneta iliyokufa au habu ya baiskeli. Duara la kona lisiwe dogo kuliko mara tatu ya kipenyo cha paipu. Mchanga unazuia kuta zisibonyee. Ukimaliza osha, puliza, osha tena.

Na miali ya moto iwe mbali. Tangi lako, liwe lile la chini ya kiti cha mbele au la nyuma, hata likiwa tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kama kuna kulehemu, fungua paipu, ipeleke upande wa pili wa uwanja, lehemu huko.

Zile ncha zinazoingia kwenye mpira wa petroli nazo zinataka nundu, ndogo zaidi. Waya wa 1.5 unatosha. Lakini ipo njia nzuri zaidi, na inatupeleka kwenye breki, kwa hiyo subiri kidogo.

Breki. Kwanza niseme kuhusu ushauri wa kukunja na kugonga. Naujua. Nimeuona kwenye daladala, nimeuona kwenye malori ya samaki. Wengine badala ya kukunja huweka golori ndani ya nati na kukaza. Gari linasimama, kweli. Linasimama likivuta upande mmoja, na siku barabara ina maji linageuka. Zaidi ya hapo, Series III nyingi za zamani zina masta silinda (pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki) ya saketi moja: magurudumu yote manne yanakunywa kutoka kisima kimoja. Ule mkunjo ukifumuka hupotezi breki ya gurudumu moja, unapoteza zote, pedali inalala sakafuni. Mji wetu umejengwa juu ya mawe. Kutoka Bugando au Isamilo kushuka mjini bila breki si jambo la kujadili.

Naongea kwa kuwa imenipata. Nilikuwa mwanafunzi wa gereji, mwaka wa kwanza, paipu ya breki imekatika katikati, na nikaiunga kwa kiungo cha shaba njano cha kubana, kile chenye kipete kinachobanwa na nati kikaing'ata paipu. Kilishika. Nilikanyaga mara kumi, mara ishirini, hakikutoa hata tone. Wiki ya tatu, nikishuka mlima, pedali ikaenda chini bila kunipinga. Nilimalizia kwenye msingi wa nyumba ya mtu uliokuwa unajengwa, nashukuru ulikuwa wa mawe tu. Baadaye niliponyofoa kile kiungo nikaona: kipete kilikuwa kimechora mfereji kuzunguka paipu, na paipu ilikatikia palepale, safi kama imekatwa kwa wembe. Viungo vya namna hiyo havishindwi siku ya kwanza. Vinakupa imani kwanza.

Kwa hiyo kwenye breki hakuna kuunga katikati kwa kubana, hakuna kulehemu, hakuna mpira na klipu. Na paipu ya jirani yako usiitumie hapa. Ni shaba tupu, laini, na nimeshakwambia mtikisiko unaifanya nini. Eksili ya nyuma ya Land Rover kwenye barabara ya mawe ndiyo mahali pa mwisho pa kuiweka.

Unachotaka ni paipu ya breki yenyewe ya inchi 3/16, yaani milimita 4.75. Maduka ya spea huuza ya chuma kwa mita. Ukibahatika utapata ya shaba iliyochanganywa na nikeli, karibu asilimia 10 ya nikeli. Hailiwi na kutu na unaikunja kwa dole gumba kuzunguka soketi ya spana bila mchanga. Ya breki usiitie mchanga kabisa, hata kwa bahati mbaya. Punje moja inachora ukuta wa silinda.

Kabla ya kununua chochote, tazama ndani ya tundu ambako paipu inaingia, kwa tochi. Ukiona kijinundu cha chuma kama kikoni kimesimama chini, mdomo wa paipu unatakiwa uwe umechanuka kama tarumbeta na kukunjwa mara mbili. Ukiona chini kuna kibonde, unatakiwa mdomo wa kiputo, uliovimba kama kitunguu. Hii ya pili hutumia hatua ya kwanza tu ya ile ya kwanza, utaona. Gari kuukuu lililopita mikononi mwa mafundi kumi linaweza kuwa na zote mbili, kwa hiyo tazama kila tundu. Na uzi pia. Nati ya 3/8 ya Kiingereza na ile ya milimita 10 yenye uzi wa 1.0 zinafanana machoni. Ya Kiingereza ni milimita 9.5, kwa hiyo itaingia kwenye tundu la 10, itazunguka vizuri, itakaza kidogo, kisha presha itaing'oa na uzi wake. Ukiona nati inaingia kwa mkono kirahisi kupita kiasi na inachezacheza, toa.

Njia rahisi kuliko zote wengi hawaifikirii. Tafuta paipu nzima yenye ncha za kiwandani, ndefu kuliko unayohitaji, yenye nati na mdomo sahihi, isiyo na kutu wala mkunjo mkali. Usiikate. Urefu unaozidi uuzungushe kama chemchemi, mizunguko miwili ya upana wa kikombe, mahali palipo salama. Chungulia karibu na masta silinda za magari mengi utaona kiwanda chenyewe kimefanya hivyo ili paipu ivumilie mtikisiko. Huu si ujanja wa kuonea aibu.

Ukikosa, ndipo tunatengeneza mdomo. Jirani yako fundi friji ana kifaa cha kuchanulia: vyuma viwili vyenye mashimo vinavyoibana paipu, na koni inayoshuka kwa skrubu. Seti nyingi zina shimo la 3/16, na koni yake ni nyuzi 45 kila upande, sawa na breki. Tatizo ni kwamba kinachanua mara moja tu. Kwa gesi ya friji inatosha. Kwa breki ukuta mmoja hautoshi, hupasuka ukingoni, nao ufa wenyewe huuoni kwa macho. Kinachokosekana ni kidude kimoja kidogo: kitufe cha chuma chenye kipini katikati kinachoingia ndani ya paipu, na kuzunguka kipini kuna kibonde.

Kitufe hicho hukerezwa. Nenda kwa mkerezaji yeyote mwenye mashine, wapo SIDO (shirika la viwanda vidogo), wapo mitaani, mpelekee kipande cha paipu yako na umwambie: kipini kiingie ndani ya paipu hii bila kulegea, bega liwe na unene wa milimita tatu, kibonde kiwe laini kama kioo. Dakika ishirini za kazi. Kama jirani hataki kuazima chake, mkerezaji huyohuyo akutengenezee na vishikio: vyuma bapa viwili vya unene wa milimita 12, vibanwe pamoja na karatasi ngumu katikati, vitobolewe shimo la 3/16 pale vinapokutana, kisha mdomo wa shimo upanuliwe kwa koni ya nyuzi 90. Ukiitoa karatasi, vyuma vinaing'ata paipu. Koni ya kusukumia ni bolti iliyokerezwa ncha ya nyuzi 90 na kung'arishwa. Usitumie ncha ya keekee: ya kawaida ina nyuzi 118, na isitoshe inakata wakati unataka isukume.

Sasa ingiza nati kwenye paipu. Ndiyo, sasa. Kila fundi aliye hai amewahi kutengeneza mdomo mzuri kuliko yote maishani mwake kisha akaiona nati mezani. Bana paipu kwenye vyuma, ichomoze kimo sawa na bega la kitufe. Tia tone la mafuta ya breki. Weka kitufe, kaza kwa jiliwa au skrubu ya kifaa polepole mpaka bega liguse vyuma. Usigonge nyundo, nyundo inapinda upande. Fungua: mdomo umevimba kama kitunguu. Hiki ndicho kiputo nilichokutajia, na ndiyo nundu bora ya mpira wa petroli pia, haina haja ya waya wala risasi. Kwa mdomo wa kukunjwa mara mbili, ondoa kitufe, weka koni, kaza tena. Kitunguu kinaingia ndani na kujilaza, ukuta juu ya ukuta.

Tengeneza mitano ya majaribio kwenye vipande vya kutupa. Ikate mmoja kwa urefu kwa msumeno uone ndani: kuta mbili zimelala pamoja, hakuna ufa, hakuna upande mnene kuliko mwingine. Mitatu mfululizo ikitoka sawa, fanya wa kweli. Isipotoka, lipia mtu mwenye kifaa cha kazi hiyo akuchanulie. Hakuna fedheha, mimi mwenyewe kwa paipu za chuma ngumu huwa natuma gereji nyingine.

Ukikuta nati ya upande wa pili wa eksili nayo imeganda, usirudie kosa la kuizungusha na spana ya mdomo wazi. Kata paipu usawa wa nati kabisa, kisha shika nati kwa soketi ya pembe sita. Paipu haipo tena kukupinga na pembe hazitaliwa. Ikigoma, lowesha mafuta ya kulainisha kutu, kalale, kesho.

Ukishafunga, toa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Tumia mafuta mapya ya breki, kopo ulilolifungua wewe. DOT 4 likiwa kavu huchemka juu ya nyuzi 230, likishanyonya unyevu hushuka mpaka 155, na hewa ya ziwani ina unyevu wa kutosha kulimaliza kopo lililoachwa wazi. Kisha mwite mtu mwenye mguu mzito akanyage kwa nguvu zake zote na ashikilie dakika nzima, wewe ukiwa chini na karatasi ya chooni kavu, unagusisha kila nati. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi. Kama gari lako lina sevo (kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako kwenye pedali), injini iwe inanguruma wakati wa jaribio, la sivyo hujalijaribu.

Jaribu kwanza mahali tambarare, mwendo wa mtu anayekimbia. Breki ya mkono ya Series III haitegemei mafuta wala paipu hizi, inabana shafti inayotoka gia boksi kwenda nyuma, kwa hiyo hakikisha inafanya kazi kabla hujaondoka uani. Ni ya kuegeshea. Ukiivuta gari likiwa kasi itashtua eksili nzima, ila siku ya majaribio ni vizuri ujue ipo. Baada ya kilomita 50 rudi chini ya gari na tochi. Tafuta vumbi. Paipu nzima itakuwa na vumbi jekundu, kavu, lililokaa sawasawa. Pale ambapo vumbi limekuwa jeusi na linang'aa kuzunguka nati, fungua nati hiyo na utazame mdomo wake kabla hujaendesha tena.